Kosa au Kanuni? Mawazo Kutoka Ufuko wa Ziwa Mweru

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi walimu tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu methali hiyo, lakini ni mara chache tunapoielekeza kwenye kazi yetu wenyewe. Tukikabiliwa na tatizo gumu darasani, aghalabu tunakimbilia kutafuta jibu: kitabu kipya, mazoezi zaidi, saa zaidi, pengine na ukali zaidi. Mara nyingine jibu hupatikana. Hata hivyo yako matatizo ambayo kadiri tunavyoyatolea jasho ndivyo yanavyozidi kutushinda, na hapo hatuna budi kusimama na kujiuliza kama swali lenyewe limeulizwa vyema. Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja la namna hiyo, kama linavyoonekana kwetu huku Nchelenge, katika vijiji vya ufukweni kama Kafutuma, na jinsi lilivyoanza kulegea mara swali lake lilipobadilishwa.

Kwa msomaji aliye mbali, inafaa kwanza kueleza mahali penyewe. Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000. Mto Luapula huingia ziwani kwa upande wa kusini. Upande wa kaskazini, huko Pweto, maji hutoka kwa mto Luvua yakaenda kuungana na Lualaba. Mpaka wa Zambia na Kongo umepita majini. Ufuko wetu wa mashariki ni wa Zambia, na lugha ya nyumbani na ya shule huku ni Kibemba. Ufuko wa magharibi ni wa Kongo, na huko Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya bandari na ya barabara. Ramani huonyesha ziwa hili kama ukuta unaotenga nchi mbili. Lakini mvuvi na mchuuzi hawalioni hivyo. Kwao ziwa ni njia. Ndugu wa ukoo mmoja wanaishi pande zote mbili, na mitumbwi huvuka na samaki, chumvi, sabuni, vitenge, na maneno.

Wala Kiswahili si mgeni wa jana katika nchi hizi. Mwaka 1867 David Livingstone alipofika kwenye ziwa hili na kwenye mji wa Mwata Kazembe, alikuta wafanyabiashara wa kutoka pwani wamekwisha kumtangulia. Mwaka huo huo Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa, kaskazini-mashariki ya ziwa. Baadaye ikaja zama ya migodi. Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, na vijana wengi wa Luapula walivuka kwenda kufanya kazi Katanga. Huko Kiswahili kilifanywa lugha ya kazi, na wafanyakazi wa makabila mengi, Wabemba wakiwemo, wakakitengeneza upya kwa vinywa vyao. Johannes Fabian ameieleza habari hiyo kwa marefu katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni nchini Kongo. Waliporudi makwao, vijana hao walirudi na baiskeli, na blanketi, na Kiswahili.

Katika miaka ya karibuni wamekuja wengine kwa sababu ya huzuni. Tangu Agosti 2017 maelfu ya watu walikimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika nchini Kongo wakaingia Luapula. Walipokelewa kwanza katika kituo cha Kenani, na mapema mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hii ya Nchelenge. Watoto waliokuwa wamesoma kwa Kifaransa, na kuzungumza Kiswahili nyumbani, wakajikuta katika shule za Kibemba na Kiingereza.

Basi tatizo letu ni hili. Katika madarasa ya jioni tunayofundisha kuna wanafunzi wa aina mbili. Wako Wabemba wa ufuko huu wanaotaka Kiswahili kwa ajili ya biashara, kwani samaki wakavu husafirishwa mbali, ng'ambo ya ziwa hadi Kongo na hata Nakonde kwenye mpaka wa Tanzania. Wako pia watu wa Kongo ambao Kiswahili ni chao tangu utotoni, lakini wanataka kile cha vitabuni, ili wasome, waandike barua rasmi, au wapate kazi ya ukalimani. Aina zote mbili huandika na kusema mambo ambayo kalamu nyekundu haiyavumilii: *bantu bote* badala ya *watu wote*, *bintu byote* badala ya *vitu vyote*, *mu nyumba* badala ya *nyumbani*, *katoto* badala ya *kitoto*, *apana* badala ya *hapana*. Yasahihishe leo, kesho yatarudi. Yasahihishe mwezi mzima. Yatarudi, ila safari hii yatakuja na ukimya.

Ukimya huo ndio uliotushtua. Alikuwako mama mmoja, mchuuzi wa chisense, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani juu ya mchanga. Sokoni tulimsikia akibishana bei na wanunuzi wa kutoka ng'ambo, kwa Kiswahili chepesi chenye mizaha na methali, mpaka mnunuzi akasalimu amri. Darasani mama huyo huyo alikaa nyuma, kimya kama mgeni msibani. Alipoulizwa kwa nini hasemi, alijibu kwa sauti ndogo: "Ba mwalimu, Kiswahili yangu ni ya kuuzia samaki. Si ya kusema mbele ya watu." Mtu aliyeweza kuilisha nyumba yake kwa lugha alikuwa amekwisha kushawishika kwamba hana lugha. Na darasa likimfikisha mtu hapo, hata kama ameandika *watu wote* bila kosa, tumepata nini?

Desturi ya ualimu tuliyoirithi huuliza hivi: "Tutayaondoaje makosa haya?" Swali hilo lina dhana iliyofichwa ndani yake, kwamba kilichomo kinywani mwa mwanafunzi ni takataka, na kazi ya mwalimu ni kufagia. Maadamu dhana hiyo imekubaliwa, majibu yote hutoka katika ghala moja: fagio kubwa zaidi au fagio kali zaidi.

Kabla ya kueleza swali la pili, tukumbuke jambo lililotokea si mbali na hapa. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na katika miaka ile ya mwanzo Kiingereza kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Nia ilikuwa njema: nchi yenye lugha nyingi ilitafuta umoja na maendeleo. Lakini miaka ilipopita ilionekana kwamba watoto wengi walifika madarasa ya juu ya shule ya msingi bila kuweza kusoma. Swali lililoulizwa lilikuwa lile lile kila mara: "Tutafundishaje Kiingereza vizuri zaidi?" Ndipo mtafiti Eddie Williams, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, alipolinganisha watoto wa mwaka wa tano wa Zambia na wenzao wa Malawi, ambao miaka minne ya mwanzo walifundishwa kwa Chichewa. Katika kusoma Kiingereza, wale wa Zambia hawakuwazidi wenzao, ijapokuwa wao walianza na Kiingereza tangu siku ya kwanza. Katika kusoma lugha yao wenyewe, wale wa Malawi waliwaacha mbali sana.

Hapo swali likageuka. Haikuwa tena "Kiingereza kifundishwe vipi?" bali "Mtoto ajifunze *kusoma* kwa lugha gani?" Kumbe mambo mawili yalikuwa yamefungwa katika furushi moja: kujua kusoma na kujua Kiingereza. Mtoto alitakiwa ayabebe yote mawili kwa mkupuo, akayaangusha yote mawili. Mwaka 1998 majaribio yalianzishwa Kasama, katika Mkoa wa Kaskazini, ya kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa Kibemba, huku Kiingereza kikifundishwa kwanza kwa mdomo. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba mpango huo ulienezwa nchini katika lugha saba za Zambia. Watoto walikuwa wale wale, na walimu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba furushi lilifunguliwa, na kila mzigo ukapewa wakati wake.

Somo la Kasama kwetu sisi si kwamba Kibemba ni bora kuliko Kiingereza, wala Kiswahili cha Kongo kuliko Kiswahili Sanifu. Somo ni kwamba tatizo sugu mara nyingi ni matatizo mawili yaliyovaa nguo moja. Tukarudi kwenye madaftari ya wanafunzi wetu, na badala ya kuuliza "Tutayaondoaje makosa haya?" tukauliza: "Ni kanuni gani inayomwongoza mtu huyu?" Kwani kosa la bahati nasibu halijirudii kwa utaratibu. Jambo linalorudi vile vile, kwa watu wengi, kila siku, lina sheria nyuma yake.

Tutoe mfano wa kwanza. Wanafunzi Wabemba husema "Mwalimu wamekuja", wakimtaja mwalimu mmoja. Kwa kalamu nyekundu hilo ni kosa la umoja na wingi: mtu huyu hajui kuhesabu. Lakini muulize aseme habari za mbwa wake, naye atasema "amekuja" bila kusita. Anajua umoja na wingi barabara. Kanuni inayomwongoza ni ya heshima: katika Kibemba mzee, mzazi au mkubwa wa kazi hutajwa kwa wingi, na kiambishi *ba-* huwekwa mbele ya jina lake, kama yule mama alivyotuita "Ba mwalimu". Kumsahihisha kwa somo la hesabu ni kumpa dawa ya mguu mgonjwa wa jicho. Afadhali kumwambia: "Heshima yako tumeiona. Kiswahili nacho kina heshima, ila hakiiweki katika kitenzi. Hukaa katika *shikamoo* na *marahaba*, katika kumwita mtu *mama*, *mzee*, *bibi* au *shemeji*." Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo haoni kwamba amenyang'anywa adabu yake, na kitenzi hukirekebisha mwenyewe.

Mfano wa pili ni *bantu* na *bintu*. Mbemba husema *umuntu* na *abantu*, *icintu* na *ifintu*. Mtu wa Katanga husema *muntu* na *bantu*, *kintu* na *bintu*. Mswahili wa vitabuni husema *mtu* na *watu*, *kitu* na *vitu*. Ukiyapanga ubaoni kwa safu tatu, darasa zima huona bila kuambiwa kwamba nyumba ni moja na milango ndiyo tofauti. Ngeli, ambazo katika miji mingine humtoa mwanafunzi jasho kwa miezi, hapa zimekwisha kufundishwa na mama mzazi. Kinachobaki ni kubadilisha viambishi, na hiyo ni kazi ya majuma, si ya miaka. Vivyo hivyo sauti: maneno ya asili ya Kibemba hayana *h*, wala *z*, wala *r*. Anayesema *apana* hana uvivu wa ulimi. Anahitaji mazoezi ya sauti chache zinazojulikana. Tatizo lililokuwa pana kama ziwa sasa lina kingo.

Mfano wa tatu ndio uliotufurahisha kuliko yote. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua ugumu wa ngeli za mahali. Kwa nini tunasema *nyumbani pana watu*, *nyumbani kuna watu*, na *nyumbani mna watu*? Wanafunzi wengi hukariri pasipo kuelewa, na hata wasemaji wazawa wa mijini hutumia *kuna* kwa kila jambo. Lakini mtu wa ufuko huu husema *pa ng'anda pali abantu*, *ku ng'anda kuli abantu*, *mu ng'anda muli abantu*, na tofauti ya mahali hasa, upande, na ndani anaisikia masikioni kama anavyosikia tofauti ya kucheka na kulia. Mtu wa Katanga naye, anaposema *mu nyumba* au *ku soko*, ameihifadhi tofauti hiyo hiyo. Tulizoea kukata *mu nyumba* kwa wino mwekundu na kuandika *nyumbani* juu yake, mazoea ya walimu wengi. Ilhali katika lile *mu* lilikuwamo jibu la somo gumu la wiki tatu zijazo. Tulipouliza darasa ni lipi la *mna* na lipi la *kuna*, mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa yule mama wa chisense. Alieleza kwamba samaki akiwa *ndani* ya kikapu ni *mna*, na akiwa huko ng'ambo *kuna*. Wenzake waliomzidi kwa kalamu walimsikiliza.

Hali kadhalika *katoto* na *tutoto*. Kiswahili Sanifu hutumia *ki-* na *vi-* kudogosha. Kibemba kina *aka-* na *utu-*, na Kiswahili cha Katanga kimefuata njia hiyo. Mwanafunzi akilijua hilo haachi *katoto* kana kwamba ni aibu. Hulibakiza kwa matumizi ya nyumbani, akaandika *kitoto* katika barua ya ofisini.

Msomaji anaweza kutuuliza: je, si kwa njia hii usanifu utakufa? La hasha. Tukumbuke usanifu wenyewe ulivyozaliwa. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wazee wale walikabiliwa na swali la vitendo: vitabu vya nchi nne viandikwe kwa lahaja ipi? Wakajibu. Jibu lao lilikuwa mapatano yenye manufaa makubwa, na sisi tunakula matunda yake hata katika kuandika makala haya. Lakini Kongo haikuwamo katika mapatano hayo, na mtu hawezi kuvunja mapatano ambayo hakualikwa kuyafanya. Kiswahili cha Katanga kilikuwa na njia yake, na mwaka 1965 huko Elisabethville André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji kama ilivyokumbukwa na watumishi wa nyumbani. Lugha iliyobeba historia ya watu wake haiwezi kuitwa takataka. Tunamfundisha mwanafunzi usanifu kama mtu anayempa mwenziwe kanzu ya pili, si kama anayemvua ile aliyo nayo.

Pamoja na hayo, inatupasa kusema mipaka ya jambo hili, tusije tukauza maneno. Kubadili swali si kubadili kila kitu. Mtihani bado unataka *watu wote*, na mazoezi bado yanahitajika. *H* haiji kwa falsafa, huja kwa kurudiarudia. Darasa lenye vitabu vitatu kwa watu thelathini lina upungufu wa vitabu, na hakuna namna ya kulitazama itakayoufanya upungufu huo uwe neema. Wenyeji wa ziwa hili wanalijua hilo kuliko sisi. Zamani samaki aliyewatajirisha alikuwa mpumbu, aliyepanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga. Katika miaka ya 1940 mpumbu alipungua vibaya kwa kuvuliwa kupita kiasi. Watu hawakukaa wakingoja arudi. Waliuliza ziwa lina nini kingine, na baada ya miaka chisense, aliyedharauliwa kwa udogo wake, akawa riziki ya maelfu. Lakini hakuna mzee wa Nchelenge atakayekuambia kwamba kwa sababu chisense yupo, basi mpumbu hakupotea. Swali jipya hufungua njia, halifuti hasara.

Tunapenda kuwapendekezea walimu wenzetu jambo dogo ambalo halihitaji fedha. Wekeni daftari moja la makosa yanayojirudia, na mbele ya kila kosa jiulizeni mambo matatu. Kwanza, je, linajirudia kwa utaratibu? Pili, kama ndivyo, ni kanuni gani ya lugha ya nyumbani inayolizaa? Tatu, kanuni hiyo inaweza kutusaidia katika somo lipi jingine? Mwalimu aliyeko Ukerewe, Kisumu, Bujumbura au Songea atapata majibu tofauti na yetu, kwa kuwa Kijita, Kijaluo, Kirundi na Kingoni kila kimoja kina mambo yake. Kijaluo hata si lugha ya Kibantu, na huko kanuni zitakuwa mbali zaidi na zitahitaji subira zaidi. Majibu hayo, yakiandikwa na kukusanywa katika kurasa hizi, yatakuwa hazina ambayo hakuna kitabu cha sarufi kilichonayo kwa sasa.

Kiswahili kimeongezewa heshima nyingi katika miaka ya karibuni: mwaka 2019 nchi za kusini mwa Afrika zilikikubali katika SADC, na mwaka 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Tumefurahi. Lakini heshima ya lugha haitimii katika kumbi za mikutano peke yake. Hutimia pale ambapo mtu wa mwisho darasani anaacha kuogopa kufungua kinywa. Tukimwuliza mtu huyo amekosea wapi, atanyamaza. Tukimwuliza anajua nini, tayari tumeanza somo.